Serahangi Aliyetuhesabu

Daftari la Ami, la chama cha mabaharia wastaafu, lilikuwa na safu ambazo sijaziona kwenye daftari la chama kingine. Na vyama nimeviona, maana nina kibanda cha M-Pesa hapa Likoni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, na pesa za vyama vingi vya mtaa huu hupita dirishani kwangu. Wengine huandika jina, namba ya simu na alicholipa mtu, basi. Yeye aliandika jina, boti aliyohudumu mtu, namba yake ya jeshi kwa wino mwekundu, dini, atakakozikwa, kituo cha kushukia basi, na jirani wa kuulizwa ukifika. Safu ya mwisho haikuwa na kichwa. Humo utakuta maneno kama "habari aambiwe mkewe kwanza", "hasemezani na wa 14 tangu kesi ya shamba", "akisema hajambo usimwamini".

Sisi watoto tulimwita Ami. Mabaharia wenzake walimwita Serahangi, yaani msimamizi wa mabaharia, jina alilopewa akiwa bado kijana wa kusugua sitaha, kwa sababu ya tabia yake ya kuamrisha watu waliomzidi cheo. Alikuwa Mbajuni, wa vile visiwa vya kaskazini ya Lamu ambavyo watu wake wengi walivihama wakati wa vita vya shifta vya miaka ya sitini. Baba yangu alikuwa Mkamba wa Makueni, na bahari aliiona kwa mara ya kwanza siku aliyoletwa Mombasa kufunzwa ubaharia. Wakapangwa boti moja. Tangu hapo baba hakufanya jambo kubwa, iwe kuoa au kununua kiwanja, kabla ya kumsikiliza Ami kwanza. Mama alizoea kusema ameolewa na wanaume wawili na anayeleta mshahara ni mmoja.

Jeshi la wanamaji la Kenya lilizinduliwa tarehe 12 Desemba 1964, mwaka mmoja kamili baada ya uhuru. Kabla yake kulikuwa na lile jeshi la kifalme la majini la Afrika Mashariki, lenye makao yake hapa hapa Mombasa, lililogharamiwa na Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Hilo lilivunjwa 1962. Kina Ami walipojiandikisha 1965, boti mpya walizoahidiwa zilikuwa bado ziko kiwandani Uingereza. Zilikuwa tatu, Simba, Chui na Ndovu, kila moja na urefu wa mita 31 hivi, mizinga miwili, na nafasi ya watu ishirini na kidogo. Ziliondoka Portsmouth mwezi wa Agosti 1966 zikafika Mombasa mapema Oktoba, kwa njia ya Suez, kabla mfereji haujafungwa na vita vya mwaka uliofuata. Wazee wa chama chetu hata leo wakitaka kujuana hawaulizani mwaka wala cheo. Wanaulizana, "We wa boti gani?"

Ami alikuwa wa Simba, na kuhesabu alikuanzia humo. Alisimulia kwamba walipoingia Bahari ya Shamu ndani ya boti hakukulalika tena, injini zinatoa moto chini na jua limepiga juu mchana kutwa. Watu wakapanda kulala sitahani, bega kwa bega, na cha kuwazuia wasitumbukie majini ni vyuma vichache na waya. Yeye alikuwa zamu ya usiku, na hofu yake ikawa mtu kubiringika akiwa usingizini bila ya mwenzake kujua. Kuwamulika usoni ni kutafuta matusi. Basi akawa anamulika miguu, anaihesabu, kisha anagawa kwa mbili. Usiku mmoja akapata namba witiri. Akarudia, witiri ile ile. Akaenda kumwamsha ofisa, Mwingereza, ofisa akawasha taa zote, na boti nzima ikaamka kwa laana. Mguu uliokosekana ulikuwa umefunikwa na turubali. Mwenye mguu alikuwa baba yangu, na nadhani ndiyo sababu urafiki wao ulidumu.

Chama kilianza walipokuwa wamekwisha kustaafu karibu wote. Mwenzao mmoja wa Ndovu alifariki kwao Busia, na habari zikawafikia Mombasa baada ya miezi, tena kwa bahati, kupitia utingo wa basi. Walipokwenda kuhani, mjane akawaeleza alivyowatafuta. Alituma watu wawili mpaka Mombasa. Tatizo ni kwamba muda wote wa ndoa yao mumewe alimtajia marafiki zake kwa majina ya utani: Serahangi, Pilipili, Kasuku, Mzungu wa Taveta. Wale watu wawili walizunguka mji mzima wakimuulizia Pilipili. Ami aliposimulia hilo watu walicheka, naye aliwangoja wamalize, kisha akasema, "Mimi sikucheka. Pilipili alikuwa amekaa barazani kwake, hatua mia kutoka walipolala wale vijana." Aliporudi kutoka Busia ndipo aliponunua daftari.

Kila Jumamosi ya kwanza ya Oktoba walikutana uani kwake, kukumbuka siku boti zilipofika. Pilau ilipikwa na jirani zake, kachumbari nyingi, na mzee mmoja wa Kitui hakuacha kuja na sufuria yake ya muthokoi, mahindi ya kukoboa, kwa sababu wali, alisema, ni chakula cha kusindikiza chakula. Pombe haikuingia uani. Baada ya saa tisa wazee kadhaa walikuwa wakiaga kwamba wanakwenda kunyoosha miguu, wakaelekea mangwe ya mnazi nyuma ya msikiti, wakarudi wakinyoosha miguu kweli kweli, na Ami siku zote alikuwa na shughuli ya kumfanya asitazame upande huo.

Kabla ya chakula alisoma orodha. Wageni walitarajia atawataja marehemu, watu wasimame kimya, pengine iwashwe mishumaa. Mwanasiasa mmoja aliyealikwa alipendekeza hilo na akaja na mishumaa yake. Ami alikataa. Alisoma majina ya walio hai na ya wajane tu, na jina lisipoitikiwa hakuendelea mpaka mtu aeleze mwenye jina yuko wapi, amemwona lini, kwa macho au kwa simu. "Maiti hapotei," alimwambia yule mwanasiasa. "Anayepotea ni aliye hai." Mwaka mmoja orodha ilisimama kwa jina moja mpaka pilau ikapoa, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na habari za mzee mmoja wa Voi. Akatumwa kijana kwa basi siku hiyo hiyo. Alimkuta mzee amevunjika nyonga, yuko kitandani wiki ya tatu, analishwa na mjukuu wa darasa la nne.

Mimi niliingia kazini, kama naweza kuita hivyo, nilipomaliza shule ya upili na kukosa karo ya kuendelea. Ami alihitaji mtu wa hati nzuri. Alinifundisha kwanza habari ya mazishi, na katika chama chenye Waislamu na Wakristo mazishi ni kazi mbili tofauti. Mwislamu akifa asubuhi anazikwa Adhuhuri au Alasiri. Hapo unapiga simu kwa walio kisiwani, Likoni na Kwale tu, wale wanaoweza kufika. Aliye Kisumu humwambii njoo. Unamwambia siku ya hitima. "Usimwite mtu kwenye jambo asiloweza kuliwahi," alisema, "utamfanya ajione mkosefu bure." Mkristo akifa ni wiki mbili za vikao, bili ya mochari, gari la maiti, jeneza, hema na viti. Hapo yeye mwenyewe alitangulia siku moja kabla, kwa basi la usiku, na msala wake na chupa ya chai, kwenda kutazama kama kaburi limechimbwa na kama familia imeweka mtu wa kupokea wageni. Ibada ikianza alisimama nje ya hema. Ikifika zamu ya udongo alikuwa wa kwanza kushika sepeto.

Kuna jambo jingine nililolielewa polepole. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka asubuhi watu wakienda kazini, na watu 272 wakafa. Abiria wa miguu kwenye feri haandikishwi jina, kwa hiyo siku ile hakuna aliyekuwa na orodha ya waliopanda. Ami alikuwa raia mstaafu, hakutumwa na yeyote. Alishuka ufukweni na daftari la shule akawa anawauliza waliokuja kutafuta watu wao: nani, amevaa nini, alitoka nyumbani saa ngapi. Jina likipatikana, mtu akiwa hai au akiwa maiti, alipiga mstari. Alikaa pale mpaka watu walipoacha kuja. Sijui lile daftari lilikwenda wapi, na yeye hakupenda kuulizwa.

Halafu ikaja 1997. Walioishi Likoni wanajua ninachosema. Usiku wa tarehe 13 Agosti washambuliaji walivamia kituo cha polisi, wakaua maafisa, wakachukua bunduki, na siku zilizofuata watu wa bara walichomewa nyumba na kuuawa. Waliokufa walipita mia, na waliokimbia walikuwa maelfu kwa maelfu. Sisi, kwa majina na kwa lugha ya nyumbani, tulikuwa watu wa bara, ingawa mimi nimezaliwa hapa na Kikamba changu ni cha kuchekesha.

Ami aligonga mlango wa nyuma kabla ya alfajiri. Alikuwa amevaa kikoi na fulana, na mpwa wake yuko nyuma yake. Hakutoa pole, hakusema usiogope. Aliuliza, "Nyumba hii inalala watu wangapi?" Mama akasema sita. Akatuhesabu kwa kidole, kichwa kwa kichwa, akapata watano. Kaka yangu alikuwa amelala kwa rafiki yake upande wa Shika Adabu na hakuna aliyekumbuka kusema. Baba akataka kutoka kumfuata. Ami akamshika mkono akamwambia, "We uso wako unasema kabla hujafungua mdomo. Kaa." Akatukabidhi kwa mpwa wake atupeleke kivukoni, akamwambia avuke nasi na asirudi mpaka baba amtajie kila mtu kwa jina akiwa ng'ambo. Yeye akaenda kumtafuta kaka. Walitufikia kisiwani mchana, kaka amevalishwa kanzu iliyomzidi na kofia ya vito.

Baadaye tulijua kwamba siku ile alizipitia nyumba zote za mabaharia wenzake wa bara waliokuwa Likoni. Vijana waliokuwa wakizunguka na mapanga walimjua, baadhi walisoma madrasa na wanawe. Walimwita msaliti, na usiku uliofuata bati za nyumba yake zilipigwa mawe. Sijamsikia akilisimulia hilo hata mara moja. Nimelisikia kwa mkewe.

Mkutano wa Oktoba mwaka huo ulifanyika kisiwani, kwa kuazima ua wa watu. Ami alisoma orodha kama kawaida. Alipomaliza, mzee mmoja Mluo, wa Chui, aliyepoteza nyumba na duka, alisimama akauliza kama kati ya wenzao wa pwani kuna aliyejua mapema kwamba litatokea. Watu waliangalia chini. Wengine walianza kuguna kwamba hapa si mahali pake. Ami akawanyamazisha wote wawili, wa kuguna na wa kuangalia chini, akafungua daftari akaandika. Kisha akasema, "Swali lako nimelipokea. Nikijua jibu nitakuletea." Mzee akakaa. Pilau ikaliwa. Katika mambo yote niliyomwona akifanya, hili ndilo ninalolifikiria zaidi, kwa sababu nimekaa kwenye vikao vingi ambapo swali la namna hiyo huzimwa kwa dua.

Habari ya wajane ingejaza simulizi nyingine. Kwa ufupi: mume akifa, mjane anaenda ofisini kuuliza haki zake, na anaulizwa namba ya jeshi ya marehemu. Haijui. Anarudishwa nyumbani, Kitui au Siaya, nauli imekwenda. Ndiyo sababu ya wino mwekundu. Ami alimfunza kila mke wa baharia kuikariri namba ya mumewe angali hai, na kwenye mkutano aliwauliza ghafla, "Mama fulani, namba!" Wanawake waliijibu kwa sauti kuliko waume zao. Mjane akipata shida zaidi alimsindikiza mwenyewe mpaka Nairobi akiwa na bahasha ya kaki yenye nakala ya kila karatasi, na nakala ya nakala. Kwenye ofisi moja walimwambia faili limepotea. Alikaa kwenye benchi. Kesho yake akakaa tena. Faili likaonekana, na aliyelipata alilileta kwa hasira kana kwamba Ami ndiye aliyelificha.

M-Pesa ilipokuja 2007 kazi ya michango ilirahisika kiasi kwamba aliitilia shaka. Zamani mtu wa Busia alimpa mchango wake dereva wa basi, na dereva alileta pesa pamoja na habari: mzee amekonda, mzee ana arusi, mzee amegombana na mwanawe. Sasa zilikuja pesa tupu. Akaniwekea sheria kwamba pesa ikiingia nimpigie aliyetuma, na nisimuulize habari za pesa. Kundi la WhatsApp lilianzishwa na watoto wetu dhidi ya ushauri wake, na lazima niseme lilikuwa kama alivyotabiri. Akifa mtu zinaingia meseji sitini za "pumzika kwa amani", na kati ya sitini hakuna hata mmoja aliyempigia mjane.

Alikuwa na makali yake, nisimpake mafuta. Chama kilikuwa na mwenyekiti, naibu na mweka hazina, wote kwenye karatasi, lakini uamuzi ulikuwa wake. Alimgombeza mtu mzima mbele ya wakwe. Orodha aliianza na Simba kila mwaka, na wa Ndovu walipolalamika kwamba wao ndio husomwa njaa imeshawauma, aliwajibu kwamba hata Portsmouth walikabidhiwa boti yao mwisho. Na kwa wanawe mwenyewe hakuwa na subira aliyokuwa nayo kwa watu wa boti. Mwanawe mkubwa aliwahi kuniambia, bila hasira, kwamba ili babake akupigie simu ilikubidi uwe umehudumu chini ya bendera.

Alifariki alfajiri ya Jumatano, mwezi wa Shaaban. Mkewe alinipigia mimi kabla ya mtu mwingine nje ya familia. Nikalifungua daftari. Nikaanza na walio kisiwani, Likoni na Kwale, nikawaambia Alasiri. Wa mbali nikawaambia siku ya hitima. Wawili hawakunisikiliza. Mmoja, yule Mluo wa Chui, ambaye siku hizi anaishi kwa bintiye Nairobi, alipanda ndege kwa mara ya kwanza maishani na akafika makaburini watu wakiwa bado wanamwagia maji juu ya udongo. Alisimama nje ya ukuta mpaka akaitwa aingie.

Jioni nikiwa barazani kwa mkewe nilikwenda kwenye mstari wake yeye, maana alijiandika kama wengine. Kituo cha kushukia: feri. Jirani wa kuulizwa: jina la baba yangu, lililokatwa mstari mwaka aliokufa baba, na langu limeandikwa juu yake. Kwenye safu isiyo na kichwa, ambako kwa wengine aliandika ugomvi na magonjwa, aliliandika swali la 1997 neno kwa neno, na chini yake tarehe kadhaa zenye majina ya watu aliowaendea kuuliza. Ya mwisho ilikuwa ya miaka kumi na kitu baada ya mkutano ule. Jibu halikuwamo. Nilimwonyesha yule mzee ukurasa huo. Aliusoma mara mbili, akaomba nimpigie picha kwa simu, na akauliza kama ndege ya kurudi inabadilishwa siku, kwa sababu angependa kukaa mpaka matanga yaondolewe.

Sasa watoto wa mabaharia wanataka chama kiandikishwe upya, kifunguliwe akaunti ya benki, kinunue kiwanja Diani, na sisi tuwe wanachama. Ami alishasema wazi kwamba chama ni cha waliopanda zile boti na wake zao, na wa mwisho akizikwa kimekwisha. Watoto wana vyama vyao. Mimi nakubaliana naye na nimesema hivyo, jambo ambalo limenipunguzia marafiki kwenye WhatsApp. Mabaharia waliobaki ni wanne, na wajane wanawazidi. Oktoba hii tutakutana Mazeras, kwa sababu magoti ya mzee mmoja hayawezi tena kupanda feri. Wanne wote wamethibitisha, kwa sauti zao. Sisi watoto bado tunabishana nani atalipia hema.